Sifuri ya Bati

Mechi ya saba. Tatu kwao, tatu kwetu,
na Septemba ya Woonsocket imeshaanza kuuma masikio.
Upande ule, kiwanda cha mpira,
watengeneza viatu vya mvua,
vidole vyeusi, harufu ya salfa mpaka kanisani.
Upande huu, kiwanda cha sufu.
Sisi tulikohoa.

Baba alikohoa kuliko wote, ndiyo maana
ngazi ya nyuma ya ubao niliipanda mimi,
Delphine, miaka kumi na mmoja, soksi moja imeshuka,
nimekumbatia mabati ya namba kama sahani za wageni.
Kazi yangu kutundika. Kutazama si kazi yangu.
Lakini ubao una matundu, kila duru na tundu lake,
na msichana ana macho.

Sharti la baba lilikuwa moja,
alilisema kwa Kifaransa, halafu kwa kidole:
duru ikianza, tundika sifuri.
Usiitoe mpaka mtu akanyage nyumbani.
Sifuri si tusi, alisema.
Sifuri ni mlango uliofungwa vizuri.

Duru ya tisa. Mbili kwa mbili.
Wetu wawili wameshatolewa, wako benchini
wanavitazama viatu vyao kana kwamba vinawadai.
Anaingia Zygmunt Kosiba, fundi wa mitambo ya kufumia,
mtu mnene, mpole, anayeogopa mbwa.
Wiki ile watu walikuwa wameweka dau mishahara;
mwanamke mmoja wa mtaa wetu aliweka cherehani.
Mpira wa kwanza, akaukosa.
Wa pili, akaukosa kwa hasira.
Uwanja ukanyamaza hata nikausikia mto.

Sasa nakiri.
Sikungoja. Mkono wangu mwenyewe uliichomoa ile sifuri,
nikaipakata, baridi yake ikapenya gauni,
na moja nimeshaiandaa, imeegemea goti.
Wanasema subira huvuta heri.
Mimi heri niliivuta kwa kucha.

Ko!
Kama mtu amevunja kuni chumbani mwa mgonjwa.
Mpira ukapanda, ukawa punje, ukawa si kitu,
kisha ukaanza kuwa kitu tena,
unakua, unakuja kwangu,
na chini yake Aurèle Lussier, mlinzi wao wa katikati,
anakimbia kinyumenyume, glavu wazi,
anasubiri ugonge bati umrudie.

Haukugonga.
Ulipita tunduni, mahali pa sifuri,
ukanichoma sikio kwa upepo wake,
ukatua kwenye ndoo ya chaki.

Mwamuzi akazungusha kidole hewani.
Nderemo, kofia, mapadri wawili wamekumbatiana,
Kosiba anazunguka vituo polepole
kama mtu anayekagua shamba lake.
Wana wa mpira wameshindwa kwa mpira!

Na tunduni, ghafla, uso.
Aurèle ameukwea ubao.
Jasho. Jino moja la dhahabu.
Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi.
Akaitazama sifuri mapajani mwangu, akakawia hapo.
Nikawasikia wenzake wakimwita kutoka chini:
Umeona nini huko ndani?
Akasema: Giza.

Hakusema mwaka ule, wala uliofuata.
Tulikutana dukani; hununua tumbaku, hunigeukia,
huunganisha gumba na kidole cha shahada, duara,
kisha hulipa na kwenda zake.
Sijui kama ilikuwa msamaha au deni.
Baba alikufa bingwa.
Kosiba alinunuliwa bia mpaka ini likakataa.
Viwanda vikahamia kusini kufuata mishahara midogo,
na ubao ukauzwa kwa kilo.

Aurèle tulimzika Machi, theluji chafu kama pamba ya jeraha.
Nilisimama nyuma ya wote, gumba na kidole
vimeungana ndani ya mfuko wa koti.

Sifuri ninayo. Wajukuu huuliza:
ni ya mlangoni? Ni alama ya barabarani?
Naifunikia pipa la unga.
Imekaa sawasawa. Panya hapiti.