Lebo

Nyuma ya ghala la saruji, Embakasi,
kabla hujafika reli, ipo ekari moja na kitu
ambayo kesi imeilinda kuliko mimi.
Nyasi zimefika kiunoni. Udongo ni ule mweusi,
unaomeza kiatu Aprili na kupasuka Februari.
Nimeajiriwa kulinda ua wa seng'enge;
ua la manjano hakuna aliyeniandikia.
Nililiona nikienda haja:
dogo kuliko sarafu ya shilingi ishirini,
bua lake lina manyoya.

Wafubwa wa zamu ya usiku alisema bila kuinama:
Hayo machungu, kwetu tunachemsha kwa tumbo.
Nikamwambia yale machungu yanapita kimo cha mtu,
yalikuja na meli, yakafanywa uzio.
Basi kishona nguo.
Nikajikagua suruali. Hakuna mbegu hata moja iliyoning'ang'ania.
Basi ni alizeti iliyokosa maziwa, akasema,
akaenda kulala.

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko,
nikalipeleka Makumbusho ndani ya kopo la majani ya chai.
Jerotich, koti jeupe, doa la gundi mkononi,
hakuuliza nalinda wapi. Aliuliza:
Majani yanakabiliana au yanapishana?
Sikujua. Nilikata kichwa tu,
kama mpiga picha za pasipoti.
Upande wa chini wa jani je? Mzizi?
Kila swali lilinikuta mikono mitupu.

Akanipa lenzi ndogo yenye kamba.
Hii unayoiita petali, akasema, ni ua zima.
Na hapa katikati, kila chembe ni ua.
Nikahesabu hadi arobaini na tatu, nikapotea.
Kijiji kizima juu ya bua moja!
Haya ya pembeni hayazai, aliongeza.
Kazi yake ni kuonekana,
nyuki ajue pa kuingilia.

Nikanyamaza.
Miaka kumi na moja nimesimama langoni
na kizibao cha manjano kinachoakisi taa za malori.

Alhamisi nililala kifudifudi kwenye nyasi.
Ndege zilipita magurudumu nje, kivuli kikanifuta mgongo.
Dereva mmoja alipiga honi, akidhani nimezimia.
Yanakabiliana. Mawili mawili, mpaka juu.
Chini yanakwaruza kama ulimi wa ng'ombe.
Mzizi uligoma; niliuchimba kwa kijiko cha uji,
nikakipinda.

Jerotich alilaza mmea kwenye gazeti,
ukurasa wa matanzia, akafungua kabati la chuma.
Karatasi tatu za zamani, maua rangi ya chai.
Moja iliandikwa kwa mwandiko wa kulala:
Embakasi, uwanda wa nyasi, swala wengi.
Akalinganisha, akaguna.
Linafanana na hili, lakini.
Lile "lakini" alikaa nalo muda mrefu.
Bila mbegu iliyokomaa, siwezi kuapa.
Akaandika kwa penseli: Aspilia,
na alama ya kuuliza.

Kisha fomu. Mahali. Udongo. Kimo.
Rangi ya ua, maana likikauka litasahau.
Mkusanyaji?
Soja, nikajibu, kwa mazoea.
Akainua kalamu, akangoja.
Ilinibidi nilitafute, kama funguo mfukoni:
Musembi Kavulu.
Akaliandika kwa wino.
Na nambari yako ya kukusanya ni moja, akasema,
ila kama ulishaanza mahali pengine.

Wafubwa huniuliza kila tunapopokezana rungu:
Lile ua lako, limetajwa?
Bado.
Vichwa vimeanza kukauka, nimevifunga vitambaa vya soksi
ndege wasinitangulie.
Kesi ya ploti itatajwa tarehe tisa.
Mbegu, nakisia, wiki moja baadaye.