Jumanne Nisiyoijua

Nimehesabu kurudi nyuma, kidole juu ya kalenda
ya duka la dawa la Langoni,
nikafika Jumanne, tarehe tisa.
Siku hiyo, mwanangu, mgongo wako ulifunga.

Nilikuwa wapi? Mlangoni kwa Mwanashee,
nabishania shilingi ishirini za fungu la biringani.
Punda wa Bwana Lali amekwama kichochoroni
na mifuko ya saruji, ubavu huku, ubavu huku,
watu nyuma wanamtukana punda, Lali anawatukana watu.
Nikacheka. Nikarudi ndani. Nikakaanga biringani.
Sikujua kama upo.

Nawe, punje ya mtama,
ulikuwa jamvi lililotandikwa.
Kingo zikainuka, zikatazamana, zikakutana
kwanza shingoni, kisha juu, kisha chini,
bila sindano, bila ukili.
Kandokando ya mshono vinundu viwili viwili
vikajipanga, jozi tatu kwa siku,
toka kisogoni kushuka,
kama mtu anayetunga tasbihi gizani
na hakosei hesabu.

Wa kwanza hakufunga.
Daktari Kadzo aliigeuza skrini, akanyamaza mno.
"Hapa chini," akasema, "pamebaki wazi."
Padogo. Upana wa kucha.
Alizaliwa kimya. Tulimpa jina, tukamzika nalo.
Kisha nikazipekua siku zangu kama kapu la nguo chafu
nikiitafuta Jumanne yake:
nilibeba nini? Nilimkasirikia nani?
"Si kubeba," akasema Kadzo, "wala si jicho la mtu.
Pengine ni upungufu. Pengine hatujui."
Akaniandikia vidonge vya foliki, vya manjano,
nimeze kabla hata sijathubutu kutamani.
Kila asubuhi, baada ya mswaki, miezi saba,
namwandalia mgeni ambaye hajapiga hodi.

Sikiliza mengine, wewe unayenipiga teke.
Ulikuwa na mkia. Ndiyo, mkia! Bibi yako asisikie.
Kufika wiki ya nane umeumeza mwenyewe,
ukabakisha kifandugu;
kila mtu anakalia chake barazani, hata kadhi.
Tena hakuna pingili iliyotoka kwenye kinundu kimoja.
Kila kinundu kilikatika katikati,
nusu ikamfuata jirani wa juu, nusu jirani wa chini,
na ndiyo maana utaweza kuinama:
kuosha miguu, kusujudu, kuokota shilingi.
Pasipo kugawana ungekuwa boriti.
Na ule uzi wa mwanzo, uliovielekeza vyote,
haukutupwa. Umebaki kati ya pingili na pingili,
tonge la ute,
mto wa kulalia mizigo ambayo hujaijua.
Mifupa ilianza gegedu, laini kama ncha ya sikio;
chokaa inaingia taratibu.
Nakula dagaa kwa ajili yake, na siwapendi.

Jana Kadzo aliigeuza skrini tena.
Nilifumba macho.
"Fumbua, mama."
Safu mbili nyeupe, sambamba,
zikisogeleana mwishoni, zimefunga.
Nikahesabu pingili hadi kumi na moja,
machozi yakaniharibia hesabu.
Nikaanza upya.

Njiani kurudi nikampa Mwanashee shilingi ishirini.
"Za nini hizi?"
"Za Jumanne," nikamwambia.
Akazigeuzageuza, akanitazama tumbo,
akazifunga kwenye pindo la leso.