Maji Saba

Tanuri la Ussi Pandu, mikate ikishatoka,
hubakiwa na joto la kutosha kazi yangu.
Naingiza sinia la majani ya mlapaa,
makavu, niliyoyaokota uwandani saa nane mchana.
Gramu mia zimeingia.
Alfajiri natoa, napima: tisini na tatu.
Maji saba.
Ussi anapangusa unga mikononi:
"Na hayo yanaliwa na nani?"

Ubaoni, nje ya duka la Kajengwa, nimeandika kwa chaki:
LEO USIWASHE KITU UWANDANI.
Mtu kaongeza chini yake: hata mapenzi?

Makunduchi hapa moto tunausoma tangu zamani.
Siku ya Mwaka, banda la makuti likiwaka,
macho yote juu: moshi umeelekea wapi,
mwaka utakuwaje.
Bibi yangu Mkasi alikuwa msomaji wa moshi.
Mimi nasoma kabla ya moshi,
na hilo ndilo linalowaudhi.

Kaka yangu Vuai, mpanda miche katika nchi za baridi,
kanitumia sauti usiku:
"Huku radi ndiyo inayowasha, mtu hayupo.
Udongo wenyewe unaungua. Moto unazama,
theluji inaufunika miezi sita,
ukifika mwezi wa tano unatoka palepale
kama mwenye nyumba aliyekuwa kalala.
Wana setilaiti, dada, wana ramani za rangi,
na bado unawapiga chenga."
Mimi nina mizani ya karafuu,
kipande cha kanga juu ya mti kwa ajili ya upepo,
na Ussi.

Alkhamisi: maji sita, kanga imenyooka.
Nikachora mshale kwa kalamu nyekundu:
ukianzia tanuu la chokaa,
utafika mashamba ya Dimbani kabla ya adhana ya magharibi.

Ukaja. Tanuu lilikuwa baridi.
Ulianzia kwenye mwenge wa makumbi
wa Mcha Kheri, mrina asali.
Toka hapo mshale wangu haukukosea hata hatua mia:
mdaa, mchofu, ua wa Mwanakheri,
matikiti yake yakipasuka moja moja.
Nikasimama na karatasi mkononi,
nimepatia,
na sijui pa kukuweka kupatia kwenyewe.

Mcha alikuja jioni, nyusi zimeungua.
"Ubao niliusoma," akasema.
"Mimi ndiye niliyewasomea wenzangu.
Nilidhani ni kwa wale wa chokaa."

Siku ya tatu, baada ya rasharasha,
nimerudi peke yangu juu ya jiwe jeusi.
Panapozama mzizi wa mchofu kwenye ufa
nimetia mkono.
Nimeutoa. Nimeurudisha.
Paji la uso la mtoto mwenye homa.

Vuai, hapa theluji hatuna.
Saa tatu na robo. Naandika:
joto, upande wa kibla, kina cha kiwiko.