Kiti cha Abiria

Wakili Halvorsen ana meza safi mno:
kalamu tatu, saa, na picha ya mbwa aliyekufa.
"Abiria hana usukani, hana breki," ananiambia.
"Katika karatasi zote hizi, Renata, asiye na kosa ni wewe."
Nje theluji ya Wisconsin inadondoka bila haraka,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.

Nina pini sita katika mkono wa kulia.
Mbavu zimeungana, zimekosea njia kidogo;
nikicheka, zinanikumbusha.
Bili ya helikopta peke yake
ni ndefu kuliko msimu wa baridi.

"Njia zipo," asema, akizipanga kama karata.
Bima ya lori la maziwa lililovuka mstari;
lakini wenye lori wanasema palikuwa na barafu,
na barafu haina mwenyewe.
Bima yako mwenyewe, ile unayoilipia
ukidhani ni ya gari lililolala gereji.
Halafu (hapo akasita, akasogeza picha ya mbwa)
bima ya dereva wako.

Dereva wangu ana jina. Lorna Thielke.
Miaka kumi na tisa tumekwenda kiwandani gari moja,
saa kumi alfajiri,
mimi nimebeba mikate, yeye amebeba maneno.
Siku tulipomzika mume wangu
ni yeye aliyekumbuka viatu vya marehemu.

"Una miaka mitatu," asema wakili.
"Ikipita, haki ni ile ile, ila mlango umefungwa.
Na hundi ya haraka usiitie saini.
Hulipa jeraha la leo, haijui maumivu ya keshokutwa."
Kisha, kalamu ikiwa juu:
"Kabla ya kishindo, kulitokea lolote ndani ya gari?"

Nikamtazama mbwa.
Nilimwomba kahawa.
Nilisema, Lorna, nipe hiyo chupa,
na mkono wake mmoja ukaacha usukani
kwa muda wa kulegeza kizibo.
Asiye na usukani naye ana ulimi.

Nikasema yote. Akaandika, hakuinua uso.
"Hilo halikufanyi wewe dereva."
Sikujua kama nishukuru.

Jioni Lorna akaja na supu ya shayiri,
shingo ndani ya kola ya plastiki.
Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, akaanza yeye:
"Nishtaki, mwanamke!
Kila mwezi nimewalipa wale watu,
hata mwezi niliomzika mama.
Hawajanipa hata kalenda.
Safari hii watoe wao."

Tukacheka. Mbavu zikanikumbusha.

Karatasi ilikuwa inateleza mezani.
Mkono wangu wa kushoto haujui jina langu,
hukwama kwenye herufi ya kwanza kama mtoto.
Lorna akaikandamiza pembe kwa kidole,
karatasi ile ile yenye jina lake juu,
mdaiwa,
akasema, "Polepole.
Leo hatuwahi zamu."