Ukoko

Kopo lilikuwa tayari mkononi,
lile la povu kali, kutoka duka la Hanák,
lenye picha ya mkono unaoliwa na tone.
Nikasoma maandishi yake, madogo kama mayai ya chawa:
vaa glavu, fungua madirisha, ondoa ndege.

Nikamtazama ndege.
Naye akanitazama, kwa jicho moja.

Januari, Olomouc. Nje nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
dirisha limegandana na fremu yake,
na nyumba nzima ya mama, joto liko jikoni tu.
Nimwondoe nimpeleke wapi?
Nikalirudisha kopo mfukoni, pamoja na risiti.

Mama yuko wodi ya mifupa, ghorofa ya tatu,
nyonga imetiwa chuma.
Kwenye simu hakuuliza habari za kazi, wala za Jitka.
"Magadi," akasema. "Mkebe wa bati, nyuma ya chumvi.
Vijiko vinane, maji kidogo kidogo,
mpaka uwe uji wa kumlisha mtoto mkaidi.
Paka. Kisha uache. Radovan, umesikia? Uache."

Nikavua saa, nikaingiza kichwa na mabega.

Mle ndani kuna mwaka juu ya mwaka.
Mafuta ya bata bukini wa kila Novemba
yameruka yakang'ang'ania paani;
sukari ya plamu, nyeusi, ngumu kama lami;
na masizi ya ule mkate wa Krismasi, uliosukwa kama nywele,
ambao baba aliusahau ndani mwaka alioachishwa kazi kiwandani,
tukaula hivyo hivyo, tukikwangua kwa visu,
hakuna aliyesema neno.
Kuna ukoko wa kugombaniwa na watoto.
Na kuna ukoko huu.

Nikapaka kwa vidole, nikiziruka nyaya za joto,
nikafunga mlango, nikakaa.
Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo: kukaa.
Povu la kopo lingemaliza kwa dakika ishirini.
Magadi hayana haraka, hayamdai mtu;
yanayabembeleza mafuta usiku kucha
mpaka yenyewe yachoke kushika.

"Bado," akasema kasuku.

Neno hilo alilidaka kwa mama,
miaka ile tulipochuchumaa mbele ya kioo hiki,
mimi na Zdenka, pumzi zetu zikikitia ukungu.
Umeiva? Bado. Sasa je? Bado.
Kwa sauti ya mama ile ile,
hata kikohozi chake kidogo cha kutangulia.

Asubuhi magadi yamekauka, yamepasuka kama tope la kiangazi,
yamegeuka rangi ya kahawa.
Nikanyunyiza siki.
Ikachemka bila moto!
Ikatoa mlio wa chapa ya maji kwenye kikaango,
na harufu ya matango ya chupa ikajaa jikoni.
Kasuku akapiga chafya mara moja, akaendelea na mbegu zake.

Kitambaa, ndoo, kitambaa. Maji meusi mara nne,
mara ya tano yakawa chai ya mgonjwa.
Pembeni nikakwangua kwa kadi ya basi iliyokwisha muda.

Na chini ya yote hayo, bluu.
Miaka arobaini na moja najua tanuri letu ni la kijivu.
Bluu, yenye vidoti vyeupe, kama sahani za kupigia picha.
Nani aliichagua? Baba? Sikumjua hivyo.

Goti linauma. Doa moja, kubwa kama kiganja,
kona ya nyuma kushoto, limekataa.
Nimelipaka tena. Nimefunga.

Mama akapiga simu kabla sijanawa.
Nikamwambia bluu. Akacheka, akaumia, akaacha.
"Na daktari anasemaje?" nikauliza. "Utarudi lini?"
Akanyamaza.
Nikasikia toroli la vikombe likipita kwenye korido yao, likiyumba gurudumu moja.

Nyuma yangu, tunduni,
kile kikohozi kidogo.
Kisha lile neno.