Vidole Havisomi

Msichana wa kusajili laini, chini ya mwavuli pale stesheni,
alikishika kidole gumba changu, akakifuta kwa pindo la kanga yake,
akakikandamiza kiooni.
Taa nyekundu.
Akajaribu cha shahada. Nyekundu.
Akavipitia vyote kumi, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.
"Mama," akasema, "vidole vyako havisomi."

Havisomi!
Mimi sikukaa sana shule, lakini vidole
nilidhani angalau jina langu vinalijua.

Ni Julai hapa Uvinza.
Upepo wa kipupwe unakausha mate kabla hujameza,
na mimi tangu alfajiri nimo bwawani,
maji ya chumvi yananila hadi viwiko,
nakwangua, nazoa, najaza gunia,
mwaka wa kumi na nne huu.
Glovu tuliahidiwa. Msimamizi anasema zipo njiani.
Njia ya glovu ni ndefu kuliko reli.

Viganja vimepauka, halafu vimepasuka,
na kila mpasuko una mdomo wake:
huu hulia nikikamua limau,
huu hulia nikifunga kifungo cha sare ya mtoto.
Usiku nikimpapasa Butoyi kichwani
nywele zake zinanasa kwangu, anajivuta ukutani.
"Mama, mkono wako unauma."
Unaniuma mimi, mwanangu. Wewe unakukwaruza tu.

Nilikuwa napaka mafuta ya mgando, ya kopo, ya kunukia.
Yalikaa juu yaking'aa, chini moto ukaendelea.

Yusta, jirani, mkamuaji wa mise, alinicheka hadi akakaa chini.
"Unapaka kwenye ngozi kavu?
Huko ni kufunga mlango na mgeni yuko nje.
Mgeni ni maji. Mwingize kwanza, ndipo ufunge.
Nawa kwa vuguvugu, ya moto sana yanaiba.
Ile sabuni ya mche waachie masufuria.
Usijifute ukakauka kama dagaa,
pigapiga tu na kanga, mikono ibaki na unyevu,
hapo ndipo mise."

Akanimiminia nusu kichupa, nyeusi, nzito,
yenye harufu ya moshi wa jikoni kwa mama mkwe,
na hakutaka hela. Alitaka chumvi. Nikampa.

Nikalala na soksi za Bukuru mikononi,
moja ina tundu, kidole kimoja kikachungulia nje usiku kucha.
Kilahumba akageuka kitandani:
"Mke wangu, unatembelea mikono siku hizi?"
Nikamwambia alale.
Na asubuhi, kabla ya bwawa, mise tena, kidogo,
chumvi ije ikute mlango umeshafungwa.

Siku ya tatu, hakuna kitu.
Siku ya tano nilikamua limau nikasahau kulia.
Siku ya kumi na moja nikarudi stesheni.

Gumba: nyekundu.
Shahada: nyekundu.
Msichana akanitazama kwa huruma, huruma ile nisiyoipenda,
nikamwambia, jaribu hiki cha pete, cha kushoto,
ndicho kilichochungulia nje ya soksi, ndicho mkaidi kuliko vyote.
Kijani.

Jina langu likatokea pale, lote, na la baba yangu.
Nikakiinua kidole juani kukitazama:
mistari midogo imezunguka, imezunguka,
kama mtu aliyeshika wembamba wa kalamu
akaanza kuandika, na hakuinua mkono.

Tisa bado zimelala.
Usiku Butoyi hakujivuta ukutani; au labda alikuwa amechoka tu.
Kesho kuna chumvi.
Kichupa nimekitia mfukoni mwa sweta.