Gari la Chaki

Nambari yetu ilikuwa elfu nne mia tatu na kumi na saba.
Niliijua kabla sijaijua siku yangu ya kuzaliwa.
Baba aliipata usiku wa Februari, nje ya benki ya akiba, Łódź,
theluji ikimfika vifundoni,
mwanamke mmoja mwenye daftari la shule
akiita majina kila baada ya saa mbili, kwa mwanga wa tochi:
Wrzosek. Nipo.
Pietrucha. Nipo.
Banaszkiewicz.
Banaszkiewicz!
Kalamu ikapita juu ya jina.
Mtu alikuwa amekwenda haja ndogo tu.

Tangu usiku ule baba hakukiamini kimya.

Kila mwezi mshahara wa kiwanda cha nguo
ulimegwa kabla haujafika mezani.
Kitabu cha akiba kilikula muhuri, kikanenepa;
viatu vyangu vilitiwa soli ya pili, kisha ya tatu.
Gari lenyewe tulilijua kwa picha ya gazeti:
milango miwili, macho ya duara,
injini imebebwa nyuma, kama mtoto mgongoni.

Ndipo baba akachukua chaki ya fundi cherehani,
akalichora uani, kwa vipimo alivyovikariri.
Tukatoa viti vya jikoni, vinne.
Mama mbele, mkoba mapajani.
Mimi na Gracjan nyuma, magoti juu.
Jumapili ile tulifika baharini
na kurudi kabla viazi havijaungua.

Bibi Kunegunda alishuka na ndoo yake ya makaa.
Hakuukanyaga mstari.
Aliuzunguka, akainama upande wa dereva:
"Samahani, mnatoka au mnaingia?"

Mvua ilifuta. Baba alichora tena.
Na kila alipochora, gari liliongezeka:
kiganja kimoja, kwa miguu ya Gracjan;
kiganja kingine, Otylka alipozaliwa;
halafu pembe ndogo nyuma, ya mbwa
ambaye hatukuwa naye.

Subira huvuta heri, husemwa.
Yetu ilivuta kweli, kwa kamba, miaka sita,
na heri imeng'ang'ania fremu ya mlango.

Kadi ilikuja siku ya Jumanne. Njooni mchukue.
Tuliomba jekundu.
Tulipewa rangi ya haradali iliyosahauliwa kwenye kijiko.

Getini alisimama mtu wa koti la ngozi.
"Mara mbili ya bei. Taslimu. Sasa hivi."
Baba akamtazama mama.
Niliona midomo yake ikihesabu: soli, soli, koti la Otylka,
meno yake mwenyewe mawili.
Alihesabu muda mrefu, sitaficha.
Kisha akasema, "Muulize kama na miaka sita anainunua."
Yule mtu akacheka. "Hiyo mama, kaa nayo."
"Basi," akasema mama, akafungua mlango
akakaa, mkoba mapajani.

Baba aliliingiza uani polepole,
akaliegesha katikati ya mchoro wake.
Lilikuwa dogo.
Chaki ilibaki imelizunguka pande zote,
hatua nzima nyuma, kiganja hapa, kiganja pale,
kama koti la kaka mkubwa.

Tuliingia watano.
Gracjan, aliyekuwa amerefuka bila kumuuliza mtu,
alikunja shingo mpaka sikio likagusa bega.
Hakuna aliyesema neno.
Na baba, mikono kwenye usukani,
akaanza kuita:

Genowefa.
Nipo.
Gracjan.
Nipo, sauti ikitoka chini ya kwapa.
Otylka.
Nipo, nipo!
Akaniita mimi. Nikachelewa kidogo, makusudi,
nikaona shingo yake ikikakamaa.
Nipo, baba.

Nje, Bibi Kunegunda akapita na ndoo yake.
Alizunguka mbali,
kule chaki ilikoishia.